Bweni Ambalo Halikuanguka

Tulimzika Nyakundi wiki iliyopita, Ekerenyo, kando ya shamba lake la majani chai, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Aliyesoma wasifu wake alikuwa mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya, naye alisoma bila haraka: marehemu alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akapanda chai, akafuga ng'ombe wa maziwa, akasomesha watoto, akawa mtu mpole asiyegombana na jirani. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye hema la wageni nikisubiri neno moja tu, nalo ni fundi. Halikusomwa. Mtu aliyesimamisha nguzo za zege katika nusu ya maghala ya Kisii alizikwa kama mkulima. Niliwatazama wazee waliokaa mbele, nikatambua kwamba hawakuwa wamesahau. Waliona ni heshima kwake kuliruka jambo hilo, kama mtu anavyoliruka dimbwi akiwa amevaa viatu vya kanisani. Na hapo, kabla mpwa hajamaliza kusoma, mwaka ule ukanirudia wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha ujenzi ambacho wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Habari za kwetu naziacha. Hazina sehemu katika jambo hili. Nilipata kazi Suneka, katika yadi ya Mzee Dhiru, Mhindi aliyezaliwa Kisii mjini juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, na aliyezungumza Ekegusii, lugha yetu, kwa lafudhi bora kuliko baadhi ya vijana wetu wa sasa. Wakati ule watu wengi walimwaga zege palepale jengo linaposimama, kwa karai na mikono mingi. Mzee Dhiru alikuwa na wazo jingine. Nguzo zake zilimwagwa ndani ya kalibu za chuma pale yadini, zikalazwa chini ya magunia yaliyoloweshwa maji hadi zikomae, kisha zikabebwa kwa lori lenye kreni na kusimamishwa mahali pake kama miti iliyopandwa ikiwa mikubwa. Nililipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza. Nilipanga chumba nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, na kila asubuhi nilipofungua dirisha niliona nguzo zile zimelala kwenye ukungu, kijivu na kimya, na nilihisi kwamba nimefika mahali pangu duniani.

Jumamosi yadi ilifungwa, kwa sababu wafanyakazi karibu wote walikuwa Wasabato, na Mzee Dhiru alisema mtu aliyekosa Sabato yake humwaga zege la hasira. Jumapili tulifanya kazi. Mchana sisi wa ofisini tulikula chakula kilicholetwa kutoka mjini na mkewe, Mama Hansa, ambaye alikuja mwenyewe na vyombo vya bati vilivyopangwa juu kwa juu: wali uliopikwa na choroko, chapati nyembamba unazoweza kuona mwanga kupitia kwazo, na maziwa ya mtindi yenye binzari. Nyakundi, aliyekuwa msimamizi wa mafundi, alileta chake kutoka kwa mkewe, ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu. Walibadilishana kila siku bila kuulizana. Mama Hansa alikata kipande cha ugali wa wimbi, Nyakundi akachukua chapati mbili, na Mzee Dhiru akawatazama wote wawili akisema, "Yadi hii ni ya kula tu." Nimekula katika hoteli kubwa tangu wakati huo. Sijawahi tena kukaa kwenye meza ambayo hakuna mtu aliyekuwa akijilinda dhidi ya mwenzake.

Nyakundi alikuwa na miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Alikuwa mzee wa kanisa kwao Ekerenyo. Binti yake wa kwanza, Bosibori, alikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana iliyokuwa karibu na kwao, na mwaka uliotangulia ni Nyakundi aliyewashawishi wazazi wa shule hiyo kwamba bweni lao jipya la ghorofa moja lijengwe kwa nguzo za yadi yetu. Walikubali kwa sababu yake. Hawakumjua Mhindi wa Suneka. Walimjua Nyakundi, mtoto wao. Bweni likasimama kwa muda mfupi kuliko jengo lolote walilowahi kuliona, na siku ya kulifungua akina mama walimvisha Nyakundi leso mabegani. Picha ya siku hiyo ilikuwa ukutani ofisini nilipoajiriwa. Aliitazama mara nyingi kuliko alivyodhani tunamwona.

Lazima nieleze jinsi nguzo mbili zinavyoungana, maana bila hilo hakuna kisa. Nguzo ya chini inatoka kiwandani na nondo zimechomoza kichwani mwake, kama vidole. Nguzo ya juu ina mirija ya chuma ndani ya mguu wake. Kreni inaishusha taratibu mpaka vidole viingie kwenye mirija, kisha nafasi iliyobaki ndani ya mirija inajazwa saruji laini isiyo na kokoto, ambayo mafundi wetu waliiita uji. Uji ukishika, nondo na nguzo vinakuwa mwili mmoja. Hapo ndipo jengo zima linapotegemea. Kwa siku za kawaida kiungo hakisumbuki, kwa kuwa uzito wa nyumba unaikalisha nguzo juu ya nyingine, na hata kiungo kibovu kinaweza kukaa miaka mingi kikionekana kizima. Shida inakuja pale nyumba inaposukumwa kutoka ubavuni, kwa upepo mkali au kwa ardhi kutikisika. Wakati huo nguzo inataka kupinda pale ilipoungwa, na kitu pekee kinachoizuia ni zile nondo ndani ya mirija, ambazo hakuna jicho linaloweza kuziona.

Mwaka huo Mzee Dhiru alikuwa akitafuta kazi ya wodi ya hospitali, ya ghorofa tatu. Hakuna aliyemlazimisha kufanya majaribio. Alisema tu kwamba wagonjwa hawawezi kukimbia, kwa hiyo anataka kuona kwa macho yake nguzo zake zitafanya nini zikisukumwa. Tukajenga fremu ya chuma nyuma ya yadi, tukaunga nguzo fupi kwa jozi kama tulivyoziunga siku zote, tukafunga jeki ya kuinulia malori ikiwa imelazwa ubavu. Kazi yangu ilikuwa kupima nguzo imesogea kiasi gani na kuchora nyufa kwa chaki. Jozi ya kwanza ilifanya vizuri. Nyufa ndogondogo zilitokea juu ya kiungo, zikasambaa polepole, nguzo ikapinda na kurudi, ikapinda na kurudi, na Nyakundi akasimama pembeni mikono nyuma kama baba kwenye siku ya wazazi. Jozi ya pili ilitoa sauti kama muwa unaovunjwa gotini. Kiungo kikafunguka upande mmoja. Niliweza kuingiza ukucha, halafu kidole, na jeki ilikuwa bado haijafika hata nusu ya nguvu ya mara ya kwanza.

Nyakundi alichukua grinda akaukata mguu wa nguzo ile yeye mwenyewe, vumbi likamfunika mpaka kope. Mrija ulipofunguka tuliona nondo imesimama ndani yake, safi, inang'aa, imeshikwa na uji kwa chini tu. Juu ya hapo palikuwa na hewa.

"Tulimimina kwa juu," alisema. "Siku zote tunamimina kwa juu, na jagi na faneli. Uji ukishuka kwa haraka unafunga hewa ndani."

"Mrija mwingine umejaa?" Mzee Dhiru aliuliza.

Aliukata. Ulikuwa umejaa hadi juu, vizuri kabisa.

Hilo ndilo lililotuumiza. Kama yote ingekuwa mibovu, tungejua la kufanya. Mingine ilikuwa mizima na mingine mitupu, imemiminwa na mkono uleule, siku ileile, na kwa nje hapakuwa na tofauti. Dawa yake ilikuwa rahisi, na tuliigundua siku hiyohiyo: uji usukumwe kwa pampu kutoka tundu la chini mpaka utokee tundu la juu, na hewa itangulie kutoka. Hakuna aliyekuwa ametudanganya, hakuna aliyeiba saruji. Tulikuwa hatujui, basi. Lakini wote watatu tulikuwa tukifikiria jengo moja. Maghala ya Kisii yalikuwa ya chini, nguzo zake hazikuwa na kiungo. Nguzo za yadi ile zilizounganishwa moja juu ya nyingine zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye bweni la Bosibori.

Mchana ule Mama Hansa alileta chakula, na hakikuliwa. Yeye na mumewe waliingia ofisi ya ndani, na mimi nikabaki upande wa pili wa ukuta wa mbao nikijifanya kusafisha vipimo. Waliongea Kigujarati, lugha ambayo sikuijua hata neno. Sauti yake Mama Hansa ilipanda, ya mumewe ikabaki chini. Katikati ya maneno yale nisiyoyaelewa, neno moja la Kiswahili lilikuwa likirudi kila mara, kwa mume na kwa mke, maana nadhani walilizoea hivyo kutoka dukani: watoto. Watoto. Watoto. Mwishowe Mama Hansa alinyamaza, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Aliniwekea chapati mkononi kana kwamba mimi ndiye mtoto aliyekuwa akizungumziwa.

Nyakundi aliitwa ndani, nami nikaitwa naye.

"Shule itafunga karibuni," Nyakundi alisema kabla hajaulizwa. "Mzee, wakienda likizo tutaingia, tutapiga pampu, tutafunga vyuma. Wakirudi watakuta tumemaliza. Hakuna haja ya kutisha watu."

"Ni wiki ngapi?"

"Chache."

"Na mpaka hapo watalala wapi?"

Nyakundi alianza kufuta vumbi kwenye mikono yake.

"Bosibori analala ghorofa ya juu au chini?" Mzee Dhiru aliuliza, na hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza hali ya mtoto wa rafiki yake.

"Juu."

Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote ya kazi. Nimeketi katika vikao na watu wenye digrii nyingi, wakibishana kuhusu hatari ndogo na hatari kubwa, na kila mara namwona Nyakundi amesimama pale na vumbi la zege kwenye kope zake, akitamka neno moja. Baadaye alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile.

"Basi usiende wewe, Mzee," alisema. "Wewe ukienda watasema Mhindi amewauzia nyumba mbovu, na itakuwa vita. Nitaenda mimi. Ni watu wangu."

Tulikwenda naye, lakini ni yeye aliyezungumza. Wazazi walikusanyika katika ukumbi wa kulia wa shule, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba alilazimika kupaza sauti, mtu ambaye sauti yake ilikuwa ya chini siku zote. Aliwaambia kwa Ekegusii kwamba ameijaribu kazi ya mikono yake na imeshindwa, kwamba hajui kama bweni lina kasoro au halina, lakini hawezi kulala huku watoto wao wakiwa mle. Aliwaomba wasichana watolewe siku hiyohiyo. Nilitarajia makelele. Badala yake mzee mmoja aliuliza, "Nyumba ina ufa?" Nyakundi akasema hapana. "Imeinama?" Hapana. "Sasa umeona nini?" Akasema, "Nimeona ndani ya nguzo nyingine." Nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu amelipwa na wajenzi wengine, ndiyo maana anaharibu jina la kazi yake mwenyewe.

Waliwatoa. Wadogo walilala madarasani, na wa ghorofa ya juu walipelekwa kanisani, magodoro yakatandikwa juu ya sakafu ya saruji kati ya mabenchi. Ulikuwa mwezi wa saba. Watu wa maeneo ya joto hawajui mwezi wa saba wa milima ya Nyamira, ilipo Ekerenyo, jinsi baridi inavyotoka chini kwenye ardhi na kupanda kupitia kila kitu ulicholalia. Mama Hansa alitoa blanketi zote za dukani. Hazikutosha. Tulianza kazi mara moja, mchana kutwa, tukiegemeza mihimili kwa miti na kuandaa mabamba ya chuma ya kuzifunga nguzo, na jioni tukiondoka tuliwaona wasichana wakivuka barabara kuelekea kanisani wakiwa wamejifunika mashuka, wakicheka, kwa maana katika umri ule hata kulala kanisani ni mchezo.

Rafiki wa Bosibori aliitwa Moraa. Walikuwa kidato kimoja na kitanda kimoja cha ghorofa, Bosibori juu, Moraa chini. Nilimwona mara kadhaa, msichana mwembamba mwenye kikohozi na mdomo mwepesi, aliyeniuliza siku moja kama kuna wasichana wengine wanaopima nyumba au ni mimi peke yangu. Nilimwambia tuko wachache. Akasema, "Basi ningojeeni." Alikuwa na pumu tangu utotoni. Kikohozi kikageuka nimonia. Walipompeleka hospitali alikuwa tayari hawezi kumaliza sentensi.

Tulijua kwa koti. Ilikuwa Jumapili, siku ya kazi kwetu, na Nyakundi aliingia yadini akiwa amevaa koti lake la Sabato. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akamwambia Mzee Dhiru, "Mmoja ameenda." Mzee Dhiru alikaa chini polepole akishika ukingo wa meza. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akifanya utani kuhusu kula.

Kwenye maziko ya Moraa tulisimama nyuma, mimi, Mzee Dhiru na Mama Hansa aliyevaa sari nyeupe. Nyakundi, mzee wa kanisa, alisogea kushika jeneza, na mtu mmoja akamgusa bega akatikisa kichwa. Alirudi nyuma akasimama nasi. Mama yake Moraa alipopewa nafasi ya kusema hakulia. Alikuwa mwanamke mdogo bado, mwenye mtoto mwingine mgongoni. Alisema, "Nyumba haikuanguka. Tuliambiwa itaanguka, na iko pale, nyote mnaiona. Aliyeanguka ni mtoto wangu." Kisha akakaa. Kutoka pale makaburini bweni lilionekana vizuri ng'ambo ya bonde, limesimama wima juani, jeupe, bila ufa.

Wiki iliyofuata kanisa lilimwomba Nyakundi apumzike uzee wa kanisa. Neno walilotumia ni kupumzika.

Shule ilikuwa imefungwa tulipofika kwenye viungo vyenyewe. Kazi ilikuwa kutoboa tundu dogo kwenye kila mrija, kuingiza waya ili kujua kama ndani kuna pengo, kusukuma uji kwa pampu palipo na pengo, kisha kufunga bamba la chuma kuzunguka nguzo. Nyakundi hakumruhusu mtu mwingine kushika drili. Mimi nilishika waya. Vitanda vilikuwa bado mle, mitupu, na kila kimoja kilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa chaki ubavuni. Tulianza upande wa mlimani. Nguzo ya kwanza, waya uligonga saruji. Ya pili, saruji. Ya tatu, ya nne, saruji. Niliona uso wake ukizidi kuwa mgumu, nikaelewa jambo la kutisha: mtu yule alikuwa akiomba tukute pengo. Kama hapakuwa na pengo popote, basi Moraa alikufa bure, na ni yeye aliyemtoa kitandani.

Upande wa bondeni waya wangu uliingia. Uliingia kiasi kwamba, kama tundu lingekuwa kubwa, mkono ungezama mpaka kiwiko. Mrija wa pili wa nguzo hiyo ulikuwa vilevile. Na nguzo nyingine upande uleule, mirija mitatu kati ya minne. Zote zilizobaki zilikuwa nzima. Nguzo mbili.

Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi. "Fundi," nilimwambia, "ngoja usipige pampu. Twende tuwaite. Tumwite mwalimu mkuu, tuwaite wazee wa kanisa, waingize waya wenyewe. Mama Moraa aje aone."

Alikuwa amepiga magoti mbele ya nguzo. Hakugeuka. "Aone nini?"

"Kwamba hukukosea."

"Kemunto." Alilitamka jina langu kama anavyolitamka mtu aliyechoka sana. "Wewe unaweza kuniambia kwamba ingeanguka? Nguzo mbili, na nyingine zote nzima?"

Nilifikiria kama nilivyofundishwa. Nilifikiria uzito, upepo wa bonde lile, ardhi ambayo hutikisika mara moja moja na watu wakasahau. "Siwezi," nilisema. "Labda isingeanguka kamwe. Labda ingeanguka mwaka huu."

"Sasa nimwite yule mama nimwambie labda?" Aliweka kidole juu ya tundu, akakiacha pale. "Nikimwonyesha hili pengo, nitakuwa namwambia mtoto wake alikufa kwa faida ya wengine. Nitakuwa namwambia kwamba Bosibori wangu yuko hai kwa sababu mtoto wake yeye alilala sakafuni. Hakuna mama wa kuambiwa hivyo. Acha anichukie. Chuki ni rahisi kubeba kuliko hiyo."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi. Leta pampu."

Nilileta. Uji ukaingia kwa chini, ukapanda, ukatokea tundu la juu, mweupe na mzito, na akaufuta kwa kitambaa. Mabamba yakafungwa juu yake. Tulipoondoka hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuonyesha palikuwa na nini, na tuliojua tulikuwa watatu, maana Mzee Dhiru tulimwambia na akakubali kunyamaza kwa heshima ya Nyakundi. Wasichana walirudi muhula uliofuata. Bweni lile limelaza vizazi vya watoto na linalaza mpaka leo.

Yadi haikumaliza mwaka. Kazi ya wodi hatukuipata, kwa kuwa habari ya Ekerenyo ilifika Kisii kabla yetu, na Mzee Dhiru aliuza lori lenye kreni ili kulipia mabamba ya chuma. Siku ya mwisho Mama Hansa alileta vyombo vya bati kama kawaida. Nyakundi hakuja. Nilisikia alikuwa amegawiwa shamba na kaka yake na ameanza kupanda chai. Mzee Dhiru na mkewe walihamia kwa mtoto wao, mbali, na walifariki huko wote wawili. Mimi nikaenda kusoma zaidi, kisha nikafanya kazi katika miji mingine, na kila mahali nilipofika nilikataa uji kumiminwa kwa juu, mpaka vijana wangu wakanitungia jina la utani. Nyakundi nilimtembelea mara chache. Alinionyesha chai yake, ng'ombe wake. Jambo lile hatukulitaja. Nilikuwa na hakika alifanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuona mtu akifanya, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa sehemu ya ukubwa huo.

Hayo yote niliyabeba chini ya hema lile wiki iliyopita. Maziko yalipokwisha watu walikwenda kula, nikabaki nimeketi. Mama mmoja mzee alikuja akitembea kwa fimbo, akachukua kiti cha jirani yangu. Sikumtambua mpaka alipozungumza.

"Wewe ni yule msichana wa kupima," alisema. "Mimi ni Mama Moraa."

Nilimwamkia. Nilimpa pole, sijui hata ya nani.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinihurumie. Nimezeeka. Mle ndani ya nguzo, mlikuta kitu?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Aliyenifunga ulimi alikuwa chini ya udongo mbichi hatua chache kutoka pale, na sikujua kama ahadi ile ilikuwa yake au yangu.

"Tulikuta," nilisema. "Nguzo mbili. Zilikuwa tupu ndani."

"Upande wake?"

"Moja ilikuwa upande wake wa chumba. Nyingine mbali kidogo."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. "Yeye aliziona?"

"Aliziona. Nilimwomba akuite uone. Alikataa. Alisema hakuna mama wa kuambiwa hivyo."

Kutoka upande wa jikoni harufu ya wali na nyama ilikuwa ikija, na vijana walikuwa wakiita watu wapange foleni. Mama Moraa alilaza fimbo juu ya magoti yake.

"Alikosea," alisema. "Kila mwaka nilikuwa namwona sokoni, ananyamaza, anainamisha macho, na mimi nasema moyoni, huyu ananyamaza kwa sababu hapakuwa na kitu. Mtoto wangu alitolewa kitandani kwa sababu ya hofu ya mtu mmoja. Nimelala na hilo tangu wakati huo. Angeniambia, ningelia siku moja, halafu ningekuwa mama wa mtoto aliyetolewa mahali pabaya. Hiyo ni tofauti. Nyinyi hamkujua kwamba hiyo ni tofauti."

Nilimwona Bosibori akija kutoka upande wa jikoni, mwanamke mzima sasa, amebeba sahani mbili. Alimpa Mama Moraa moja na kumsalimia kwa kuinama, na yule mzee akaishika ile sahani, lakini mkono wa Bosibori hakuuachilia. Aliushika vivyo hivyo, akiutazama, wali ukapoa.